Namna ya kufanya utafiti wa madhara ya mipira ya kulishia kwenye wodi ya watoto

Mama mmoja aliniita mwanzoni mwa zamu ya asubuhi, akanyoosha kidole kwenye pua ya mwanawe. "Sista, hii alama jana ilikuwa imegusa pua." Alama yenyewe ni mstari wa kalamu ya wino tunaouchora kwenye mpira wa kulishia, yaani mrija mwembamba unaopeleka maziwa tumboni, pale unapoingilia puani. Sasa ulikuwa umeshuka hadi usawa wa mdomo. Plasta ilikuwa imelowa jasho na kamasi, imeachia upande mmoja. Maziwa ya saa mbili yalikuwa tayari kwenye bomba la sindano mkononi mwangu. Niliyaweka chini. Baadaye nikafungua faili la mtoto kutafuta mpira ule uliwekwa lini, ulipimwaje, na ulishawahi kutoka mara ngapi. Faili lilisema: mpira umewekwa, mtoto anaendelea kulishwa. Basi.

Madhara ya mipira ya kulishia yapo kwenye wodi zetu kila siku, ila hayana pa kuandikwa, na kisichoandikwa hakihesabiki. Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuyahesabu kwa namna ambayo kamati ya maadili itaikubali na wodi nyingine itaweza kulinganisha na ya kwake. Huhitaji fedha nyingi. Utafiti wa kufuatilia watoto wa wodi moja au mbili kwa miezi 3 hadi 6 unatosha kuanza nao.

Hatua ya 1: Chagua aina moja ya mpira na swali moja

Kuna mpira unaopita puani kushuka tumboni, na kuna mpira unaoingia moja kwa moja tumboni kupitia tundu lililotobolewa kwenye ngozi. Wengi huvichanganya kwenye andiko moja kwa sababu vyote ni "mipira ya kulishia". Usifanye hivyo. Wa puani hukaa siku au wiki chache, na madhara yake makubwa hutokea wakati wa kuuweka na wakati unapohama. Wa tumboni hukaa miezi na miaka, na mengi ya madhara yake hutokea nyumbani, mbali na macho yako.

Huo wa tumboni una historia inayotuhusu sisi wa watoto. Njia ya kuuweka kwa kutumia kamera inayopitishwa kooni, bila kulipasua tumbo, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, na Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto mchanga. Walichapisha kazi yao mwaka 1980. Hata hivyo, kama hospitali yako haina daktari wa upasuaji wa watoto na unaona watoto wawili tu wa namna hiyo kwa mwaka, waachie hospitali za rufaa. Shika wa puani. Ndio tulio nao: mtoto njiti asiyejua bado kunyonya, mtoto aliyepoteza fahamu baada ya degedege, mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa akila, na wale wa utapiamlo mkali. Kwa hawa wa mwisho, Shirika la Afya Duniani linaelekeza mpira utumike mtoto anapomaliza chini ya asilimia 80 ya F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia, aliyopewa kwa milo miwili mfululizo.

Kisha andika swali moja linalojibika. Swali la "madhara ya mipira ya kulishia ni yapi?" halijibiki, kwa kuwa majibu yake yamejaa vitabuni tayari. Jaribu hili: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 5 waliolazwa na kuwekewa mpira wa puani, ni mipira mingapi huchomoka bila kukusudiwa kwa kila siku 1,000 za mpira (siku moja ya mpira ni mtoto mmoja kukaa na mpira siku moja), na huchomoka saa ngapi za siku? Swali la namna hii linakuambia lenyewe umfuate nani, uandike nini, na uache nini.

Hatua ya 2: Eleza kila dhara kwa maneno kabla hujamwona mtoto wa kwanza

Hapa ndipo tafiti nyingi za wodini huharibika, na ndipo ninapokuomba utumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Muuguzi wa asubuhi akiita "kuchomoka" kile ambacho wa usiku anakiita "kuhama", hesabu yako ya mwisho haina maana. Kaeni pamoja, mbishane, muandike.

Kuchomoka: mpira wote umetoka puani bila mtaalamu kukusudia kuutoa. Andika saa, kilichokuwa kikiendelea, na kama ulirudishwa.

Kuhama: mpira bado uko puani lakini alama ya wino imesogea. Chagua kipimo, kwa mfano sentimita 2 au zaidi, ndani au nje, kisha usikibadilishe katikati ya utafiti. Hili ndilo dhara linalopuuzwa kuliko yote, kwa kuwa kwa mbali mpira unaonekana uko mahali pake.

Kukaa pasipo pake: mpira umeingia njia ya hewa, au umeishia kwenye umio, njia ya chakula, kabla ya tumbo. Hapa lazima utaje umethibitisha kwa njia gani. Njia ya zamani ya kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu haiaminiki. Sauti husafiri kwenye kifua kidogo cha mtoto, na mpira ulio kwenye pafu unaweza kutoa mvumo unaousikia vizuri kabisa chini ya mbavu. Uingereza iliwaonya wahudumu wake waiache tangu mwaka 2005. Badala yake huvutwa majimaji kutoka kwenye mpira na kupimwa kwa karatasi ya pH, inayopima asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali. Ikiwa kati ya 1 na 5.5, mpira unakubaliwa kuwa tumboni. Ikizidi hapo, au majimaji yasipopatikana, hatua inayofuata ni picha ya eksirei.

Usidhani hili ni tatizo la nchi zenye vifaa vichache tu. Mamlaka za afya za Uingereza zilikusanya taarifa za kati ya Septemba 2011 na Machi 2016, wagonjwa wa umri wote, zikapata matukio 95 ambapo chakula au dawa vilipitishwa kwenye mapafu kupitia mpira uliowekwa vibaya. Wagonjwa 32 kati ya hao walifariki. Nchini Marekani, watafiti walihesabu hali ilivyokuwa kwenye hospitali 63. Kati ya watoto 8,333 waliolazwa, mipira ya muda ilikuwa 1,991, karibu robo, na nyingi ilikuwa kwa watoto wachanga wa uangalizi maalumu. Kifaa kinachotumika kwa wingi kiasi hicho kinastahili kuhesabiwa madhara yake.

Katika hilo hilo la kukaa pasipo pake, andika pia urefu wa mpira ulipimwaje. Wengi wetu tulifundishwa kupima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Tafiti zilizofanywa kwa watoto, hasa za Jan Beckstrand na Marsha Ellett wa Marekani, zimeonyesha kuwa kipimo hicho mara nyingi hutoa mpira mfupi mno. Kipimo kinachoendelea hadi katikati ya ncha ya mfupa wa kifua na kitovu hufika vizuri zaidi. Kwa nini sentimita chache zina uzito? Chukua mpira mpya uutazame mwishoni: pembeni una matundu kadhaa juu ya ncha. Ncha ikiwa ndani ya tumbo kidogo tu, matundu ya juu hubaki kwenye umio, na maziwa unayoyatia kwa chini yanatokea juu, karibu na koo. Mtoto anatapika, anapaliwa, nawe unasema tumbo lake halivumilii maziwa. Kwa hiyo njia ya kupima urefu iwe safu mojawapo kwenye fomu yako.

Kuziba: maji ya uvuguvugu hayapiti baada ya kujaribu mara mbili kwa upole kwa bomba kubwa la sindano. Taja ukubwa wa bomba. Bomba dogo hutoa msukumo mkali zaidi, na linaweza kuupasua mpira.

Kidonda cha pua au shavu: vitabu vingi husema tafuta wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi ya watoto wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Linganisha tundu la pua lenye mpira na lile lisilo nao. Tafuta sehemu iliyokolea weusi kuliko ngozi ya jirani, iliyo ya moto, iliyovimba au kukakamaa, au inayomfanya mtoto akwepe ukiigusa. Yaandike hayo kwenye maelezo, la sivyo utapata majibu kwamba watoto wako hawapati vidonda hadi ngozi inapochanika.

Nimonia ya kupaliwa: hii ndiyo ngumu, na nakushauri uwe mwangalifu kuidai. Mtoto wa utapiamlo au aliyepoteza fahamu huenda alikuja na nimonia yake kutoka nyumbani. Kwa hiyo andika hali ya kifua siku mpira unapowekwa. Kisha tumia viwango vya kupumua haraka vya Shirika la Afya Duniani: 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa miezi 12 hadi 59. Dai liwe hivi: mtoto ambaye hakuwa na dalili hizo, akazipata baada ya mpira kuwekwa, pamoja na tukio la kutapika au kupaliwa lililoandikwa. Hata hapo sema "inayodhaniwa".

Wale mtakaotafiti mpira wa tumboni, orodha yenu ni nyingine: nyama laini nyekundu inayoota kuzunguka tundu na kutoa damu ikiguswa, kuvuja, usaha, na kuchomoka. Kuchomoka kugawanywe mara mbili, kabla na baada ya tundu kukomaa. Katika wiki za mwanzo tumbo bado halijashikana vizuri na ukuta wa mbele. Mpira ukisukumwa tena kwa kubahatisha unaweza kuingia nje ya tumbo, maziwa yakamwagika kwenye uwazi wa fumbatio na mtoto akafa. Tundu lililokomaa nalo huanza kusinyaa ndani ya saa chache mpira ukitoka. Hayo ni matukio mawili tofauti kabisa, japo mama atayaita kwa neno moja. Ukali wa madhara baada ya upasuaji upange kwa ngazi za madaktari wa upasuaji Clavien na Dindo zilizochapishwa mwaka 2004, ambazo hupima dhara kwa matibabu yaliyohitajika, kuanzia ngazi ya I hadi kifo, ngazi ya V.

Hatua ya 3: Hesabu siku za mpira, usihesabu watoto peke yao

Tuseme wodi A imefuatilia watoto 30, jumla ya siku za mpira 90, mipira iliyochomoka 9. Wodi B imefuatilia watoto 30, siku za mpira 300, mipira iliyochomoka 12. Ukitazama idadi, wodi B inaonekana vibaya zaidi, 12 dhidi ya 9. Gawanya kwa siku, kisha zidisha kwa 1,000: wodi A ina 100 kwa kila siku 1,000 za mpira, wodi B ina 40. Ghafla wodi iliyokuwa inalaumiwa ndiyo yenye mikono makini. Watoto wake walikaa na mpira muda mrefu zaidi, kwa hiyo walikuwa na nafasi nyingi zaidi za kuuchomoa.

Andika tarehe na saa ya kuweka, tarehe na saa ya kutoka, kwa kila mpira. Mtoto aliyewekewa mipira minne ana mistari minne chini ya namba moja. Mtoto mmoja msumbufu anaweza kuchangia nusu ya matukio ya wodi nzima, na msomaji ana haki ya kulijua hilo.

Kadiria ukubwa wa utafiti kwa hesabu hiyo hiyo. Ukidhani kiwango ni 50 kwa siku 1,000 na ukataka angalau matukio 30 ili majibu yawe na uzito, unahitaji siku za mpira 600. Kila mtoto akikaa na mpira siku 6 kwa wastani, hao ni watoto 100. Angalia kitabu cha kulaza wagonjwa cha mwaka uliopita uone ni miezi mingapi. Kisha mwone mtakwimu mapema, kabla ya kuanza. Wengi humpelekea data zikishaharibika.

Na usipoona tukio hata moja? Usiandike kwamba halipo. Kuna kanuni rahisi: ukiweka mipira 60 na hakuna hata mmoja ulioingia njia ya hewa, gawanya 3 kwa 60, upate asilimia 5. Maana yake kiwango halisi kinaweza kuwa juu kufikia asilimia 5 nawe usikione. Mpira mmoja katika kila 20 kwenye pafu si jambo dogo.

Hatua ya 4: Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja, na umpe mama nafasi

Ukurasa mmoja. Fomu ya kurasa nne itajazwa wiki ya kwanza, ya pili itajazwa nusu, ya tatu itajazwa mwisho wa mwezi kwa kumbukumbu za uongo. Iweke kwenye ubao wa kuandikia, uutundike miguuni pa kitanda pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba.

Mbele: namba ya utafiti, umri, uzito, sababu ya mpira, namba ya unene wa mpira, tundu la pua la kulia au kushoto, urefu ulivyopimwa, alama ya sentimita puani, namna ulivyothibitishwa, pH iliyosomwa, saa ya mlo wa mwisho, na kama mtoto anatumia dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Hizo mbili za mwisho hupandisha pH. Usipoziandika, mpira ulio sawasawa utaonekana una walakini. Weka pia kada ya aliyeuweka. Usiweke jina lake. Fomu ikigeuka kuwa ya kumkamata mtu, madhara yatakoma kuandikwa, na utafiti wako utaonyesha wodi bora kuliko zote duniani.

Nyuma: mstari kwa kila zamu. Alama iko sentimita ngapi? Plasta ikoje? Pua ikoje? Tukio? Saa?

Na safu ya mama. Hii niliikuta haipo kwenye fomu nyingi nilizosoma, nami naitetea kwa nguvu zote. Muuguzi ana watoto 20 au 30 kwenye zamu. Mama ana mmoja, na anamtazama usiku kucha. Aliyeniokoa asubuhi ile alikuwa mama. Muulize kila zamu, lakini chunga namna unavyouliza. Ukisema "nani kauchomoa?" umeshamshitaki, atajibu "sijui, nilikuwa nimelala". Uliza hivi: "Mpira ulipotoka, mtoto alikuwa anafanya nini?" Atakusimulia: nilikuwa namvua shati, ukanasa kwenye kola. Alikuwa anakohoa, ukatokea mdomoni. Aliingiza kidole gumba kwenye kitanzi cha mpira hapa shavuni, akavuta. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Ukiwa na simulizi 30 za namna hiyo utaona lililo wazi: kitanzi kinachoning'inia shavuni, nguo za kuvalia kichwani, mikono isiyo na soksi. Hayo yanarekebishika siku hiyo hiyo bila shilingi.

Ijaribu fomu kwa watoto watano ambao hutawaingiza kwenye hesabu. Kila swali ambalo wauguzi wawili wamelielewa tofauti, liandike upya.

Hatua ya 5: Ruhusa

Tanzania Bara, andiko la utafiti wa afya hupita kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako, na kwa kibali cha kitaifa hupelekwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar nenda kwa taasisi ya utafiti wa afya, ZAHRI. Kenya unahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyotambuliwa, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mganga mfawidhi na mkuu wa wodi wapate barua zao pia, hata kama unafanya kazi hapo hapo.

Ukitaka kulinganisha aina mbili za plasta kwa kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, hilo limeshakuwa jaribio la kitabibu. Lisajiliwe kabla ya mtoto wa kwanza kuingia, kwa mfano kwenye sajili ya Afrika ya majaribio, PACTR. Kwa mara ya kwanza, baki kwenye kufuatilia tu.

Ridhaa huombwa kwa mzazi au mlezi, na mtoto mkubwa anayeelewa aulizwe naye. Usimwombe mama ridhaa akiwa ameshika kichwa cha mtoto anayelia mpira ukiingizwa. Wakati huo atakubali lolote. Subiri mtoto atulie, keti naye, mweleze kwa Kiswahili cha nyumbani au kwa lugha yake kwamba akikataa mwanawe atalishwa na kutibiwa vile vile, kisha muulize arudie alivyoelewa. Mama mwenyewe akiwa chini ya miaka 18, jambo la kawaida kwenye wodi zetu, kamati ikuambie mapema nani atatia sahihi.

Majina ya watoto yasikae kwenye fomu. Orodha inayounganisha jina na namba ifungiwe kabatini peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na picha ya pua ya mtoto kwenye simu yako ni taarifa binafsi.

Jambo moja halina mjadala. Ukiona hatari, utafiti unasimama na tiba inaanza. Mtoto akikohoa mfululizo, akibadilika rangi ya midomo, au akihangaika kupumua wakati wa kulishwa: simamisha maziwa, toa mpira, mgeuze ubavu, mpe oksijeni, mwite daktari. Fomu itajazwa baadaye. Andika sentensi hiyo kwenye andiko lako, kamati itaitafuta.

Hatua ya 6: Wafundishe wajazaji na uwapime

Siku mbili za mafunzo zinatosha, siku moja kati yake iwe kitandani. Chukua pua 20. Wauguzi wawili wazitazame kila mmoja kivyake, waandike kidonda kipo au hakipo, kisha linganisheni. Wakitofautiana kwenye 6 kati ya 20, rudini kwenye maelezo ya hatua ya 2, shida iko huko. Wahusishe wa zamu ya usiku kwa namna ya pekee. Usiku taa ni hafifu, watu ni wachache, mama amechoka, na mara nyingi ndiyo saa ambayo mpira hutoka na kuonekana alfajiri. Kama saa haijulikani, waandike "kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri". Wasibuni.

Kila Ijumaa pitia fomu zote. Fomu yenye sentimita zile zile zamu 14 mfululizo, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, imejazwa kwa mkupuo. Zungumza na mhusika faraghani, na iondoe kwenye hesabu.

Hatua ya 7: Chambua na uandike

Excel inatosha kuingizia data. Waingizaji wawe wawili, kila mmoja aingize peke yake, kisha mlinganishe. Toa kwanza idadi ya watoto, mipira na siku za mpira. Kisha kiwango cha kila dhara kwa siku 1,000, pamoja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani kati ya namba ipi na ipi kiwango halisi huenda kipo. Kisha chora matukio kwa saa za siku. Kama unalinganisha makundi, kumbuka mipira minne ya mtoto mmoja haijitegemei, na mtakwimu ana njia ya kulishughulikia hilo.

Unapoandika, fuata STROBE, orodha ya mambo ya kutaja kwenye ripoti yenye vipengele 22, iliyotungwa kwa tafiti za kufuatilia na kuchapishwa mwaka 2007. Taja watoto uliowakosa na sababu zao. Waliokufa au kuhamishwa mpira ukiwa puani wasifutwe, siku zao zinahesabiwa hadi mwisho wao.

Hatua ya 8: Rudisha majibu wodini kwanza

Kabla ya jarida na kabla ya kongamano, waite wauguzi wa zamu zote, wahudumu wa afya na mkuu wa jikoni la maziwa. Leta karatasi moja yenye mambo matatu: mipira mingapi hutoka kwa siku 1,000, hutoka saa ngapi, na akina mama wamesema ilitokaje. Leta na mpira mpya, plasta na kalamu ya wino, mfanye kwa vitendo kupima hadi katikati ya mfupa wa kifua na kitovu, kuchora alama, na kubandika bila kuacha kitanzi. Kisha waite akina mama waliolazwa siku hiyo, waonyesheni alama iko wapi na nani wa kuitwa ikisogea. Karatasi ibandikeni ukutani juu ya sinki ya kunawia mikono, ambapo kila anayeingia wodini husimama.